Sahani kwa Kitambulisho

6 Januari

Kitinda,

Leo sianzi na hujambo. Simu yako inaita mpaka inachoka, kwa hiyo nimeandika. Barua hii nimempa dereva wa chuo aiweke kwenye begi la mafaili ya makao makuu, juu kabisa, uione kabla hujanywa chai.

Nimefika kantini saa kumi na moja na nusu alfajiri, kama ninavyofika kila siku kwa miaka tisa, nikakuta tangazo limebandikwa mlangoni kwangu. Kuanzia tarehe mosi Februari ni marufuku kutumia, kuuza au kugawa vikombe, sahani, vijiko, mirija, mifuko na makontena ya plastiki ya kutumia mara moja ndani ya eneo la chuo, matawi yote. Chini yake sahihi yako, Mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira. Na tangazo lenyewe limevikwa nailoni pande zote mbili ili lisilowe! Nimecheka peke yangu pale mlangoni kama mwehu, halafu nikakasirika zaidi kwa sababu umenichekesha.

Sasa nisikilize. Kwa siku nalisha watu mia tisa. Zaidi ya nusu hawakai, wanachukua chai na chakula wanakimbilia vipindini. Hao ndio wenye vikombe na makontena. Nina bomba moja, makarai mawili na wasaidizi watatu. Saa nne vipindi vikitoka nina dakika ishirini za kuhudumia watu mia mbili. Nieleze wewe msomi, sahani mia mbili zinaoshwaje kwa bomba moja ndani ya dakika ishirini? Mlipiga hesabu hiyo, au kamati yenu hesabu huwa mnawaachia wengine?

Lakini hilo si ndilo linaloniuma. Likizo ya mwisho wa mwaka ulikuwa kwangu siku kumi. Umelala chumba cha wanangu, umetazama mpira na shemeji yako, umekula ukaongezewa. Na karatasi hii ulikuwa umeshaisaini. Tarehe iko hapa, ya Desemba. Siku kumi unanitazama usoni unaniomba chumvi, na tangazo limo kwenye mkoba wako!

Nataka vitu viwili: bomba la pili, na miezi mitatu ya kujipanga.

Dada yako


14 Januari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini shemeji na watoto hawajambo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa chini. Dada, nisingeweza kukwambia. Unajua watu wanavyosema, kwamba kantini ile ni ya dada yake mwenyekiti. Ningekudokeza hata neno moja, wangesema nimekupa muda wa kujiandaa mbele ya wenzako wa matawi mengine. Nimenyamaza ili kukulinda.

Na uamuzi wenyewe si wa kukomoana. Unakumbuka mvua za mwaka juzi. Mtaro nyuma ya bweni la wasichana uliziba, maji yakaingia vyumba vyote vya chini. Siku ile mafundi walipouzibua nilisimama pale pale. Walichotoa si tope, dada. Ni vikombe na makontena, gunia baada ya gunia, na vingi vilikuwa vya kantini yako. Zile picha ndizo nilizowaonyesha kamati. Hakuna aliyebisha.

Kuhusu bomba, hilo ni la Idara ya Majengo, waandikie. Kuhusu miezi mitatu, haiwezekani. Nikikuongezea wewe lazima niwaongezee wote. Nunua sahani na vikombe vya stenlesi. Gharama ni ya mara moja, vinadumu miaka. Nakuamini. Wewe hujawahi kushindwa na jambo.

Mdogo wako


2 Machi

Kitinda,

Shikamoo yako nimeiona. Sijaiitikia.

Unasema kantini ni ya dada yake mwenyekiti. Mimi nilianza na chupa moja ya chai na stuli getini, wewe ukiwa bado unafundishwa. Nilipopata mkataba ulikuwa hujaajiriwa hapa hata siku moja. Wakisema hivyo mbele yako unawajibu nini? Au hapo pia unanyamaza ili kunilinda?

Na mtaro naujua. Ni kweli vikombe vilikuwa vyangu, sikatai, na niliona aibu. Mimi siku ile nilikuwa mle ndani na viatu vya mpira, tunachota maji na wale wasichana, tunabeba magodoro. Wewe ulikuwa juu umeshika kamera.

Haya. Nimenunua. Sahani mia nne, vikombe mia nne, stenlesi nzito isiyopindika. Idara ya Majengo nimewaandikia mara mbili, wamenijibu mara moja, kwamba barua yangu imepokelewa. Nikaweka mapipa mawili ya maji yenye koki nje, nikaongeza mtu mmoja wa kuosha. Tukaanza.

Wiki ya kwanza nikapoteza sahani mia na arobaini. Si kuvunjika, stenlesi haivunjiki. Zimekwenda mabwenini na hazirudi. Nikaenda kuzifuata mwenyewe, chumba hadi chumba. Moja nimeikuta inazuia mlango. Nyingine mtu anawekea pasi ya moto. Kuna bwana mmoja wa mwaka wa tatu ameitundika ukutani, anajitazama akichana nywele! Nikamwambia, "Mwanangu, hiyo ni ya wali." Akanijibu, "Shangazi, si tumeambiwa tutumie vitu tena na tena?" Nilitaka kumzaba kibao, nikashindwa kwa kicheko.

Basi nikakata mzizi wa fitina. Unataka kutoka na sahani yangu? Niachie kitambulisho chako cha uanafunzi. Ukirudisha sahani, unakichukua. Hakuna kitambulisho, kaa hapa hapa ule. Vitambulisho nimevipangia kabati la bati lenye vidroo, kwa namba ya mwisho, na ufunguo ni mmoja tu, ninao mimi, kwa sababu kadi ya mtu ni kitu cha dhamana. Yule rais wao wa wanafunzi, wanayemwita Kipaza kwa sauti yake, alikuja kufoka. Nikamwuliza, "Wewe sahani ngapi ziko chini ya kitanda chako?" Akaondoka. Jioni akazileta nne.

Tangu nianze, wiki ya tatu hii, nimepoteza sahani mbili. Mbili! Kwa hiyo usidhani nimekaa nalia.

Dada yako


11 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifurahisha mpaka nimeisomea wenzangu ofisini, ukiacha yale ya kamera.

Huo utaratibu wa vitambulisho ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Matawi mengine yanalia. Kule wamepoteza nusu ya vyombo, na mmoja wa wenzako amerudia plastiki kwa siri. Nimeuweka kwenye ripoti yangu ya robo mwaka kwa jina la Mfumo wa Dhamana ya Vyombo, pamoja na picha ya kabati lako niliyotumiwa na dereva. Mkuu wa chuo amesimama kuusifu mbele ya baraza. Sasa ni agizo kwa matawi yote.

Nafasi ya Mkurugenzi Msaidizi wa Mipango inajazwa Juni. Sisemi zaidi. Niombee.

Jina lako sikulitaja, kwa sababu ile ile unayoijua.

Mdogo wako


20 Machi

Kitinda,

Jina langu hukulitaja. Nimeelewa. Vikombe vilipokuwa mtaroni vilikuwa vya kantini ya dada, lakini kabati likisifiwa ni la Mfumo.

Sitaki sifa. Sifa hazioshi vyombo. Ila kwa kuwa mmeshalifanya agizo, nina swali moja, na hili nataka unijibu kama mtu anayejua kanuni, siyo kama mdogo wangu. Mimi darasani niliishia la saba, mambo ya vyuo nayaonea dirishani. Hizi kadi ni za chuo. Kuna ubaya wowote mimi kukaa nazo? Kuna mahali zitahitajika ghafla, maktaba, zahanati, sijui wapi, halafu niambiwe nimeshika mali ya watu? Kama kuna tatizo niambie sasa hivi. Naweza kugeuza. Fundi bati wa hapa jirani ameshanionyesha vibati vya duara vyenye namba, mtu anaacha kitu kingine chochote, anapewa kibati. Ni kazi ya wiki moja tu, nikijua.

Nijibu hilo tu. Mengine tutagombana baadaye.

Dada yako


3 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na vikao mfululizo.

Usiwe na wasiwasi. Hakuna tatizo lolote, endelea kama ulivyo. Hivyo vibati sikushauri kwa sasa. Agizo limetoka linasema vitambulisho, na baraza linapanga kuja kuangalia kabati lako mwezi wa sita. Tukibadili katikati itaonekana hatujui tunachofanya.

Jambo jingine. Mama ana miadi ya macho hospitali ya rufaa, Jumatatu tarehe 12 Mei, saa moja asubuhi. Mimi siku hiyo nina usaili wa awali wa ile nafasi. Tafadhali mpeleke wewe. Wasaidizi wako wanaweza kuuza chai asubuhi moja bila wewe kuwepo.

Mdogo wako


13 Mei

Kwa Mwendeshaji wa Kantini,

YAH: KUSIMAMISHWA KWA HUDUMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jana, tarehe 12 Mei, ilibainika kuwa umeshikilia vitambulisho vya wanafunzi mia moja themanini na sita kinyume cha taratibu, hali iliyosababisha wanafunzi hao kuzuiwa kuingia katika vyumba vya mitihani na hatimaye kuzuka vurugu na uharibifu wa mali.

Unasimamishwa kutoa huduma kuanzia leo. Unatakiwa kufika mbele ya Kamati ya Uchunguzi tarehe 26 Mei, saa tatu asubuhi, kujieleza kwa nini mkataba wako usivunjwe.

Meneja Utawala


15 Mei

Kitinda,

Bila shaka nakala ya ile barua unayo. Sasa upate na ya kwangu.

Wiki ya kabla ya mitihani wanafunzi hawakai kantini, wanabeba chakula wakasomee vyumbani. Jumapili jioni nimetoa sahani nyingi kuliko siku yoyote. Wanarudisha asubuhi wakija chai, ndio utaratibu, wewe unaujua, umeuandikia ripoti. Jumatatu mimi na Mama tuko kwenye benchi la hospitali, amefungwa jicho moja, ameniegemea. Kantini wasichana wangu wanauza chai. Kabati limefungwa na ufunguo umo kwenye pochi yangu.

Kumbe mwaka huu kuna kanuni mpya. Mlangoni kwa mtihani kuna kijana ana mashine, anapiga kila kadi mwanga. Kadi hakuna, kuingia hakuna. Tangazo wamelibandika Jumamosi, siku mbili kabla! Wanafunzi hawakuhangaika, wakasema asubuhi tukirudisha sahani tutazichukua. Wakaja na sahani zao mkononi, zimeoshwa. Hebu fikiria hilo, Kitinda. Watu mia moja themanini na sita wamesimama na sahani safi, na kabati limefungwa.

Mmoja wa wasichana wangu amenipigia, "Dada mkubwa, wanagonga kabati kwa mawe." Nikasikia kishindo, simu ikakatika. Nilipofika saa sita, kabati liko chini mtaroni limepasuliwa tumbo. Kadi zimekanyagwa, nyingine zimevunjika. Jiko la gesi limepinduliwa. Vioo vyote. Sufuria kubwa wameipiga teke mpaka imekuwa kama kofia. Waliopata kadi waliingia mtihani wamechelewa. Arobaini hawakuingia kabisa. Kuna msichana wa mwaka wa mwisho nimemkuta amekaa kwenye ngazi, amekumbatia sahani yangu, hata kulia halii. Nikamwambia pole. Akaniwekea sahani chini miguuni, akaondoka.

Sitaki kukuficha kinachoniuma kuliko jiko. Ilikuwa inafanya kazi. Mvua za Aprili zimenyesha na kuisha, na wale wasichana wa vyumba vya chini hawakunyanyua godoro hata moja. Nilikwenda nyuma ya bweni kutazama mwenyewe. Maji yanapita chini, unaona saruji. Nilisimama pale nikasema, yule mpumbavu alikuwa na haki. Nilitaka kukuandikia hivyo. Nikasema nitakwambia tukionana.

Sasa nataka kitu kimoja tu kwako. Wanasema nimeshika kadi kinyume cha taratibu. Taratibu ni agizo lenu, na sahihi ni yako. Waandikie. Mistari mitatu inatosha. Sema vitambulisho ni agizo la kamati yako. Nina siku kumi na moja.

Mama anaendelea vizuri. Hajui.

Dada yako


20 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana, pole tena. Tangu nilipopata habari sijalala vizuri.

Nimeshughulika. Nimezungumza na Meneja Utawala mara mbili, na nina habari njema. Hawataki kesi, wanataka utulivu mpaka mitihani iishe. Watakupa karatasi ya kusaini, inayosema kwamba utaratibu wa vitambulisho ulikuwa wako binafsi na kwamba unaomba radhi. Basi. Ukisaini wanakufungulia siku hiyo hiyo. Jiko watakusaidia. Na kwa kuwa sahani zimeleta mzozo, mpaka mwisho wa muhula utaruhusiwa kutumia vikombe na makontena ya plastiki. Hata lile bomba la pili nimelisemea, litawekwa Julai.

Fikiria, dada. Unapata kila ulichokuwa unataka Januari.

Mimi nikiandika hiyo mistari mitatu, nafasi ya Juni imekwenda, na kamati inavunjwa, na plastiki inarudi matawi yote moja kwa moja, siyo kwa muhula mmoja. Kila tulichofanya kimepotea. Ukisaini wewe, hakuna anayeumia. Ni karatasi tu. Wewe huna cheo cha kupoteza.

Usidhani sikujali. Lile la mashine za mitihani, mhadhiri wa sheria alilisema kwenye kikao cha Machi, na mimi niliandika pembeni nilifuatilie. Nilijua nina muda wa kurekebisha kabla ya Mei. Halafu usaili ukaingia, vikao, unajua mambo yalivyo. Nimejilaumu sana kwa hilo.

Saini, dada. Kwa ajili ya Mama.

Mdogo wako anayekupenda


22 Mei

Kitinda,

Kikao cha Machi.

Mimi nilikuuliza tarehe 20 Machi. Ulinijibu tarehe 3 Aprili. Hakuna tatizo lolote, endelea kama ulivyo.

Dada yako


28 Mei

Dada,

Nimepigiwa simu na Meneja Utawala jana jioni. Nimeondolewa uenyekiti. Jina langu limetolewa kwenye orodha ya Juni. Huo ndio ukweli, kama ulikuwa unausubiri.

Sikutegemea hili kutoka kwako. Ungeweza kusema hujui. Ungeweza kunyamaza. Ulichokuwa unapigania ulikuwa umeshapewa, bomba, jiko, kila kitu, na kazi yako ilikuwa kuandika jina lako mahali pamoja. Badala yake ulikaa mbele ya watu baki ukamtaja mdogo wako wa tumbo moja. Mama amenipigia analia, anauliza nimekukosea nini.

Mimi ndiye niliyeanzisha mapambano haya chuoni, miaka minne, wakati kila mtu ananicheka, wewe ukiwemo. Mtu mwingine atakaa kwenye kiti changu sasa, na huyo hataujali mtaro wala bweni. Natumaini umeridhika.

Mdogo wako


4 Juni

Kitinda,

Sijaridhika. Nina hasira vile vile, na nadhani nitakuwa nayo kwa muda, kwa hiyo vumilia.

Nikueleze ilivyokuwa, maana umesimuliwa na Meneja, naye alikuwa muda mwingi anatazama saa. Walikuwa watatu upande wa pili wa meza, na Kipaza amekaa pembeni kama mwakilishi wa wanafunzi. Karatasi iko tayari mbele yangu, kalamu juu yake. Meneja akasema, "Mama, saini hapa chini, tusipotezeane muda."

Nikaisoma. Naye akasema, "Si unajua imeandikwa nini? Nadhani umeelezwa."

Nikamwambia, "Nimeelezwa. Nasoma nione kama nilielezwa sawasawa."

Imeandikwa kwamba mimi, kwa uamuzi wangu binafsi na bila kumshirikisha mtu, niliwanyang'anya wanafunzi vitambulisho. Kuwanyang'anya! Kitinda, ulisema ni karatasi tu. Kuna yule msichana aliyeniwekea sahani miguuni. Kesho akipita getini akaniona, karatasi inasema mimi ndiye niliyemnyang'anya mtihani wake. Na wewe hukumo. Humo hata kwa kivuli.

Nikaweka kalamu chini. Meneja akauliza, "Kama siyo wewe, nani aliidhinisha?"

Hapo ndipo unaposema ningenyamaza. Nilinyamaza, kwa taarifa yako. Nilinyamaza mpaka mmoja wa wale watatu, mama wa ofisi ya taaluma, akaniuliza kama nimemsikia Meneja. Nilikuwa nakuona ukiwa mdogo, unajificha nyuma yangu kila chombo kikivunjika nyumbani, na mimi nasema ni mimi, kwa sababu fimbo yangu ilikuwa nyepesi. Nikaona, huyu bado yuko nyuma yangu. Ana ndevu, ana mkoba wa ngozi, na bado yuko nyuma yangu.

Nikasema, "Mdogo wangu. Mwenyekiti wenu. Aliidhinisha kwa agizo, na Machi hiyo hiyo kuna mtu wa sheria alimwonya kuhusu mitihani. Mimi nilimwuliza, akanijibu niendelee."

Kipaza, ambaye sijawahi kumsikia akisema taratibu, akasema taratibu kabisa, "Kumbe shangazi aliuliza."

Meneja akataka kujua kama nina hakika, maana hilo ni jambo zito kwa mtumishi wa chuo. Nikamwambia mimi pia nina mkataba na chuo, sijui kama wangu unapimwa kwa mizani nyingine. Wakatutoa nje. Tukakaa kwenye benchi na Kipaza karibu saa nzima. Akaniambia wale waliopindua jiko anawajua, watakuja kuomba radhi. Nikamwambia radhi waje nayo na nyundo, waninyooshee sufuria. Wamekuja wanane. Wawili wanajua kutumia nyundo.

Wamenirudishia kantini mpaka mkataba uishe Desemba, halafu zabuni itatangazwa upya na nitaomba kama mtu yeyote. Jiko hawanisaidii, Meneja kasema msaada ulikuwa wa waliosaini. Wale arobaini watarudia mtihani mwezi wa nane, na yule msichana ni mmojawapo, kwa hiyo ajira yake imesogea mpaka hapo, na hilo hakuna karatasi inayolirudisha.

Plastiki waliniambia naweza kurudisha. Mama wa taaluma alisema kwa upole, "Itakurahisishia, muhula umebaki kidogo." Nimekataa. Usijisifu, si kwa ajili yako. Nina sahani mia tatu na tisini, wanafunzi wameshazoea, na nimeshachota maji ya bwenini mara moja, sitaki mara ya pili. Siku hizi mtu anaacha chochote chake, kofia, mwavuli, chaja, anachukua kibati cha fundi wetu. Kiatu kimoja pia tunapokea. Yule bwana wa kuchana nywele juzi aliacha kiatu, akavuka uwanja akirukaruka kwa mguu mmoja na sahani ya maharage mkononi, chuo kizima kinampigia makofi.

Unasema atakayekaa kwenye kiti chako hataujali mtaro. Kwa hiyo mtaro ulikuwa wako peke yako? Kama kitu ni kizuri mpaka kinahitaji uongo wangu ili kisimame, basi hukukijenga vizuri. Uliona tatizo, nakupa hilo, uliliona kabla yetu sote. Kisha ukaona kiti, ukaacha kutazama tatizo.

Na Mama usimtumie tena. Nimekwenda kwake mwenyewe, nimemweleza lote, pamoja na ile miadi ya macho. Akavua ile miwani nyeusi aliyopewa hospitali, akaniuliza, "Alijua tangu Machi?" Nikasema ndiyo. Hakulia tena.

Sasa hili ni la mwisho. Barua zako sitazifungua. Kwenye barua wewe ni hodari kuliko mimi, kila ninachoshika kinageuka sabuni mkononi. Nilikuuliza swali kwa maandishi ukanidanganya kwa maandishi, kwa mwandiko mzuri, na shikamoo juu. Kuna basi linatoka huko kila siku saa kumi na mbili asubuhi, dereva atakueleza. Njoo. Saa nane mchana huwa hakuna foleni. Utakaa kwenye stuli pale mbele yangu, sitakupa chai, na utaniambia kwa mdomo kwa nini uliniacha niendelee. Nitakutazama ukisema.

Dada yako